Kitabu cha Wageni cha Hollinmere

Generosa Kaijage alifika Stanmore, pembezoni mwa London, saa sita mchana, mabega yamelowa mvua, na kitu cha kwanza alichotaka kuonyeshwa hakikuwa kabati ambamo kitabu kiliibwa. Alitaka kuutazama mlango wa mbele. Alibonyeza kengele yenye kamera, akarudi nyuma hatua tatu kuona jicho lake linafika wapi, akaandika kwenye daftari lake. Kishor Vadgama, wakili aliyemwita, alikuwa amesimama kizingitini na mwavuli mkubwa ambao hakuwa na wazo la kumfunika nao mwenzake.

"Madam, mwizi tunamjua," alisema Kishor. "Sisi tunataka kitabu tu."

"Kama mnamjua, muulizeni kilipo."

Kishor akafunga mwavuli. Alizaliwa Kisumu, akaletwa London mdogo, na Kiswahili hakikumtoka hata baada ya miaka hamsini. Alikuwa ametoka hekalu la Wahindu la Neasden asubuhi hiyo kuomba kitabu kipatikane, kisha akampigia Generosa simu, kwa kuwa maombi ni jambo jema lakini mpelelezi naye ana kazi yake. Generosa alikuwa polisi wa upelelezi Bukoba na Mwanza kwa miaka kumi na minne kabla ya kuhamia Uingereza. Alizoea kuitwa watu wakishachafua kila mahali kwa vidole vyao.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Augusta Tredwick, Mmarekani wa miaka tisini na mmoja, aliyeolewa na Mwingereza bila kubadili jina la kwao, akabaki hapa hata baada ya mume kufariki. Sasa alikuwa amelala chumba cha chini, kama alivyolala kila siku baada ya chakula. Kishor aliketi sebuleni, akafungua simu, akaeleza historia yote mwanzo hadi mwisho, na Generosa hakumkatiza hata mara moja.

Baba wa babu yake Augusta, Josiah Tredwick, alitajirika kwa kutengeneza majiko ya chuma. Mwaka 1889 alijenga Hollinmere, jumba la vyumba arobaini na viwili juu ya kilima kinachotazama mto Hudson, lenye bustani za waridi, zizi la farasi ishirini na ziwa alilolichimbisha kwa sababu la asili lilikuwa upande usiompendeza. Aliliachia wanawe wawili. Wana hao walipatana. Wake zao, Lavinia na Cora, hawakupatana. Lavinia alichukua upande wa mashariki, Cora wa magharibi, na mlango wa katikati ukafungwa kwa ufunguo miaka kumi na tisa. Cora aliponunua piano, Lavinia alinunua mbili. Leo jumba lilikuwa makumbusho, familia imekwisha, na kitu pekee cha Hollinmere kilichobaki mikononi mwa Augusta kilikuwa kitabu cha wageni, jalada la ngozi ya kijani, unene wa misale ya kanisani. Kesho yake kilitakiwa kusafirishwa kwenda kwenye makumbusho hayo.

Kishor alikuwa amepiga picha kila ukurasa. Generosa alizipitisha taratibu, akaona kitu. Kurasa nyingi zilikuwa na majina mawili matatu juu, kisha uwazi mtupu hadi chini.

"Mbona wameacha nafasi hivi?"

"Wivu, madam. Lavinia alikataa mgeni wake kuandika jina chini ya mgeni wa Cora. Yeye anafungua page mpya. Cora akajua, naye akaanza kufanya hivyo hivyo."

Palikuwa na desturi nyingine. Mtu yeyote anayelipwa na nyumba hakuandika jina lake humo. Mpishi, mtunza bustani, mwalimu wa watoto, hata angekaa miaka arobaini, kitabu hakikuwa chake. Bibi Augusta aliishika sheria hiyo mpaka leo. Generosa alifika picha ya mwisho. Jina la mwisho lilikuwa juu ya ukurasa, peke yake, tarehe ishirini na sita Februari: Mwende Musyoka, jina ambalo Kishor alimtajia kwenye simu.

"Huyu si ndiye mnayemtuhumu?"

Ndiye, alisema Kishor. Mwende alikuwa mhudumu wa zamu ya asubuhi. Lakini tarehe hiyo, siku ya kuzaliwa kwa bibi, alikuwa na mapumziko, akaja kwa hiari yake na chapati za moto. Siku hiyo hakuwa mfanyakazi. Bibi Augusta alifurahi, akaomba kalamu.

Kitabu kilionekana mara ya mwisho Jumatatu adhuhuri, bibi mwenyewe akikifungua mapajani. Jumatatu jioni hakikuwepo. Kamera ya mlangoni ilimwonyesha Mwende akitoka saa nane na dakika kumi na mfuko wa sokoni unaoning'inia kwa uzito, ndani yake kitu bapa, cha pembe nne. Griffins Ouma, meneja wa kampuni iliyowaajiri wahudumu, alishaandika barua ya kumwachisha kazi, na wahudumu walijulishwa tangu Jumanne. Angeileta leo saa kumi na moja jioni. Kibali cha Mwende cha kuishi Uingereza kilifungwa na kazi hiyo. Barua ikitoka, Mwende angekuwa na siku sitini za kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo, na ni mwajiri gani angempokea mtu mwenye doa la wizi.

Generosa alitazama saa yake. Zilibaki saa nne.

Mwende alikuwa jikoni, koti halijavuliwa, kama mtu anayengoja basi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa kutoka Machakos, macho yamevimba. Generosa aliketi mbele yake akamuuliza kilichokuwa mfukoni.

"Kibao cha chapati," alisema Mwende. "Na kile kijiti. Mama Augusta aliniambia anataka kuona vile nasukuma, so Monday nikakuja nacho, nikapika, nikarudi nacho. Nimewaambia. Hakuna mtu ananiskiza."

Generosa alirudi sebuleni akamwomba Kishor video ya Jumatatu.

"Nimeshaitazama mara ishirini," alisema Kishor.

"Umemtazama akitoka. Akiingia je?"

Kishor hakuwa ameitafuta hiyo. Waliipata: saa moja asubuhi, Mwende, mfuko uleule, pembe zilezile, uzito uleule unaomvuta bega la kushoto. Generosa alifungua makabati yote ya jikoni, chini ya sinki na nyuma ya jokofu. Hapakuwa na kibao cha chapati. Kama binti angeacha kibao akabeba kitabu, kibao kingekuwa humu. Kisha wakatazama kila aliyetoka nyumbani humo tangu Jumatatu. Kishor mwenyewe, mikono mitupu. Mhudumu wa jioni, Restuta, na kipochi ambamo lisingeingia hata daftari la shule. Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta mrefu, na mlango wa bustani ulikuwa na kutu ya tangu vuli.

"Kitabu hakijatoka humu ndani," alisema Generosa.

"Tumepekua nyumba nzima. Kitu kikubwa, cha kijani, hakiwezi kujificha."

Restuta aliingia saa nane kamili kuanza zamu, akavua koti, akabandika beji kifuani. Alipomwona Generosa alifungua mikono. Wote wawili walikuwa watu wa Bukoba na walisali jumuiya moja Woolwich. Krismasi iliyopita Restuta alimpa Generosa nusu nzima ya pakiti ya senene, wale panzi wa kukaanga, alizotumiwa kutoka nyumbani, na mtu anayekupa senene zake London si mtu wa kumchukulia juujuu.

"Mdogo wangu, wamekuita kwa ajili ya huyu mtoto?"

"Nimeitwa kwa ajili ya kitabu, dada."

Restuta alikuwa na miaka hamsini na nane na alimhudumia Bibi Augusta mwaka wa sita sasa. Aliulizwa, akajibu huku akikunja taulo. Kitabu hakukigusa tangu Krismasi. Hollinmere aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai ukimtoa bibi. Alivitaja vyumba kimoja baada ya kingine, chumba cha ramani, chumba cha asali, ngazi ya nyuma yenye vidato thelathini na moja, kama mtu anayesali rozari. Bibi alikuwa akimsimulia jioni, miaka yote hiyo. Kisha akaja Mwende na miezi saba yake.

"Chapati," alisema Restuta. "Mimi namkorogea uji miaka sita, vidonda vyake namfunga mimi. Mtu anakuja na chapati anakuwa wa maana."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini taulo alilikunja mara ya nne na halikuhitaji. Generosa aliandika. Wivu aliuona waziwazi, ila wivu si ushahidi, na nusu ya jumuiya yao ingefungwa kama ungekuwa.

Alitaka kujua nani alikuwa zamu siku ile ya kuzaliwa. Kwenye ukuta wa jikoni ilining'inia kalenda ya kwaya ya Woolwich, karatasi kubwa ya kung'aa kwa kila mwezi, wanakwaya juu na tarehe chini. Restuta ndiye aliyeileta, na wahudumu waliandika zamu zao humo kwa kalamu. Mwezi ukipita karatasi iligeuzwa nyuma, haikuchanwa, maana kampuni ilitaka zamu zilizopita ziwepo. Generosa aliigeuza kalenda kutafuta Februari. Akakutana na Januari.

Aliigeuza tena, taratibu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati pale juu. Vilibaki vinyuzi vya karatasi iliyochanwa kwa uangalifu, pengine kwa rula. Alimwita Mwende kando akamuuliza lini alipoiona Februari mara ya mwisho. Mwende alisema Ijumaa, alipokagua saa zake.

Generosa alisimama katikati ya jikoni, akajiuliza mtu anataka nini na karatasi kubwa, ngumu, yenye mgongo mweupe. Jibu lilikuja na harufu ya Januari ya shuleni. Kila mwaka mpya baba yake aliitoa kalenda ya mwaka uliopita ukutani, wakakaa mezani, wakajalidi vitabu na madaftari yote, upande mweupe nje, na ole wake atakayeingia darasani na kitabu kisichojalidiwa. Hakuna mtoto wa nyumbani asiyeijua kazi hiyo. Kishor na watu wake walikuwa wametafuta kitabu cha kijani.

Juu ya dirisha la jikoni palikuwa na rafu ya vitabu vya mapishi. Vitabu kumi na viwili, vya rangi zote, na cha mwisho, kinene, kilichosukumwa hadi ukutani, kilikuwa cheupe kabisa. Generosa alivaa glavu, akakishusha. Alifungua jalada kidogo tu, akaona ngozi ya kijani, akakifunga.

Kishor alitaka kupiga kelele ya furaha, akazuiwa kwa jicho.

"Madam, basi ni Mwende. Yeye ndiye anashinda hapa kitchen kupika."

"Jikoni wanaingia wawili. Na Kenya nako mnajalidi vitabu."

Kishor alikubali kwamba hata yeye, Kisumu, alijalidiwa vitabu na mama yake. Na hapo ndipo ilipokwama. Alama za vidole zingechukua siku, na wote wawili walishika kila kitu cha jikoni hiyo. Ilikuwa saa tisa na nusu. Barua ya Griffins ilikuwa njiani kutoka ofisini kwake, na kitabu kupatikana jikoni kungempa sababu zaidi, si pungufu.

Generosa alikigeuza kitabu mikononi. Kazi ilikuwa safi mno. Hapakuwa na gundi wala selotepu. Kona zote nne zilikunjwa kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano, zikachomekwa ndani, na kwenye uti wa kitabu karatasi ilikatwa kiulimi kisha ikaingizwa chini ya ngozi bila kuichubua. Mwizi hupoteza muda kwa kuficha. Huyu alipoteza muda kwa kukilinda. Aliyefanya hivi alikipenda kitabu, na alijivunia mikono yake. Generosa akajua afanye nini, na hakulipenda.

Alimtuma Mwende akakae na bibi, aliyekuwa ameanza kujigeuza kitandani. Kisha alimwita Restuta jikoni. Kitabu cheupe alikiweka katikati ya meza, Kishor akiwa pembeni ameambiwa asitie neno.

"Kimepatikana, dada."

Restuta alikitazama, kisha akachukua kikombe akaanza kukifuta. "Mungu mkubwa," alisema.

"Mwende alikuwa amekijalidi. Nami nimefanya kazi hii miaka mingi, lakini sijaona mkono kama huu. Tazama kona hizi. Nimemwambia Bwana Kishor, pamoja na kosa lake, huyu binti ana adabu ya vitabu. Bibi Augusta akiamka nitamwonyesha, ajue Mwende alikitunza namna gani. Nadhani atamsamehe."

Kikombe kilikuwa kikavu zamani. Restuta aliendelea kukifuta.

"Atafurahi," aliongeza Generosa. "Huenda akaomba kibaki hivihivi, na kazi ya Mwende juu, kiende nayo Hollinmere."

"Mwende?" alisema Restuta. Alikiweka kikombe chini. "Mwende huyu asiyejua hata kuchomeka shuka? Huyo angebandika selotepu, akaharibu ngozi. Kona hizo ni za masista. Sista alitupitia dawati kwa dawati, ukipaka gundi unarudia yote. Tazama uti. Nimekata ulimi kwa..."

Aliurudisha mkono. Kishor alitazama sakafu. Nje basi lilipita, likasimama, likaondoka tena.

"Kwa nini, dada?" aliuliza Generosa.

Restuta aliketi. Hakulia. Uso wake ulikuwa na hasira ya mtu aliyepunjwa kwa muda mrefu, na hakuificha tena.

"Siku za kuzaliwa sita," alisema. "Zote nilikuwa zamu. Keki zote sita nimeoka mimi. Huyu kaja siku yake ya mapumziko, kala keki yangu, mimi naosha vikombe hapa nasikia bibi anamwambia shika kalamu. Kitabu kinaenda Marekani, watu watakisoma mpaka mwisho wa dunia, na jina la mwisho la Hollinmere ni la mtu wa miezi saba."

Hakutaka kukiharibu. Alitaka tu kisiende. Angekirudisha wenye makumbusho wakichoka kungoja. Barua ya Griffins hakuitegemea, alisema, na Generosa akamwambia kwamba habari ya barua hiyo aliipata Jumanne, na leo ilikuwa Alhamisi. Restuta akainamisha kichwa.

"Sema kilianguka nyuma ya rafu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtu wa nyumbani."

Generosa alizikumbuka senene. Lakini hadithi ya kuanguka ingemwacha Mwende na neno la wizi juu ya jina lake, na swali lingemfuata kila atakapoomba kazi. Alivuta daftari la kila siku la wahudumu, lile linaloandikwa uji uliolika na dawa zilizonyweka, akalifungua mbele ya Restuta. Wahudumu wote hufundishwa siku ya kwanza kwamba kisichoandikwa humo hakikutokea.

"Andika wewe, dada. Kwa mkono wako."

Restuta aliandika mistari minne ya Kiingereza, herufi nzuri za masista, akatia sahihi na saa.

Griffins alifika kabla ya saa kumi na moja, bahasha ndani ya koti. Alisoma daftari akiwa amesimama, akasoma tena, akairudisha bahasha mahali pake. Alimwomba Mwende msamaha kwa maneno ya kikazi, kisha akamgeukia Restuta.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini policy ni policy. Nipe badge. Kuanzia sasa hauko kwa kampuni."

Restuta aliivua beji, akavua na joho la kazi, akalikunja vizuri akaliweka mezani. Alivaa koti lake la kanisani. Alikuwa ameshafika ukumbini Mwende alipotokea akisukuma kiti cha magurudumu, na Bibi Augusta ndani yake, ameamka, kitabu cheupe mapajani. Kishor alikuwa amemweleza yote.

Bibi alipapasa zile kona kwa kidole kirefu chenye mifupa. Alimtazama Restuta kwa muda, na uso wake haukuwa na huruma nyingi. Akamuuliza Griffins kwa Kiingereza chake cha Marekani kama mwanamke huyu bado analipwa katika nyumba hii. Griffins alisema hapana, tangu dakika tano zilizopita.

"Basi ni mgeni," alisema Bibi Augusta. "Mpeni kalamu."

Hakuna aliyesogea mpaka Mwende alipoitoa kalamu mfukoni mwake. Restuta alirudi, akapiga goti kando ya kiti, akafungua kitabu mwishoni. Mwende aliinama, akaushika ukurasa kwa kidole chini ya jina lake, kumwonyesha mstari ulio wazi. Nafasi ilikuwa tele, ukurasa karibu mzima.

Restuta alilisoma lile jina. Kalamu ilishuka, ikasimama juu ya karatasi. Kisha aliushika ukurasa kwenye kona, kwa upole kama alivyokuwa akimgeuza bibi kitandani, na akaufungua mwingine mpya. Mwende, aliyekuwa ameushikilia ule wa kwanza, akauachia. Bibi Augusta alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na Restuta, bila kuinua macho, akaandika jina lake lote, mstari wa kwanza juu kabisa.